Mchanga wa Maji Saba

2 Agosti

Daftari hili ni mali ya chumba cha majaribio cha chuo chetu cha ufundi, hapa Balige, mji wa kando ya ziwa. Kurasa za kulia ni za uzito wa mchanga. Za kushoto nimejipa mwenyewe, kwa sababu mizani haina habari ya yanayosemwa mtu anapopima.

Leo shemeji yangu Baba Riama, kaka wa mke wangu, amepiga simu kutoka Lumban Rihit.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Unapumua?"

"Kwa shida. Nimetoka kula."

"Basi kaa chini. Mama amekubali mnara."

Nilikaa kweli. Miaka tisa ukoo wao unabishana kuhusu mnara wa kuhifadhia mifupa ya baba mkwe wangu, marehemu, na wazee waliomtangulia. Sasa mama mkwe amekubali, ila kwa sharti moja: zege lichanganywe kwa mchanga wa ufuo wao wenyewe, pale marehemu alipovutia mtumbwi wake miaka arobaini. Binamu wa Medan, ambaye ni mkandarasi, amesema hawezi kumwaga zege la mchanga wa ziwa bila karatasi ya vipimo. Karatasi inatoka kwangu. Sherehe ni Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Mama ana miaka themanini na sita na ametuma ujumbe: "Mwambieni mkwe, nikifa kabla haujajengwa, nitakufa nimekasirika."

Waliokupa mke huwaambii hapana. Unawaambia ndiyo za aina mbalimbali. Nilitoa ile ndefu.

5 Agosti

Gunia limefika kwa basi. Limeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu, mishono midogo, sawasawa, kama ya gauni la bibi harusi. Mke wangu Rotua akasema, "Huo ni mkono wa Mama Riama."

Mama Riama ni mke wa shemeji yangu. Kwetu, mke wa kaka wa mke wako ndiye mtu pekee duniani usiyepaswa kumsemesha uso kwa uso. Ukiwa na neno lake, unampa mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwepo, unaiambia nguzo ya nyumba, naye anasikia. Miaka ishirini na sita mimi na Mama Riama tumezungumza kupitia nguzo, sufuria na mbwa watatu. Wawili wamekufa. Mwalimu mpya wa hesabu, mtu wa Jawa, alicheka mpaka akalia nilipomweleza. Nikamwambia sijawahi kugombana naye hata mara moja. Yeye na shemeji zake je? Akarudi kwenye hesabu zake.

Najua machache juu ya huyo mama. Ni mrefu, hacheki ovyo, na nadhani ananiona mzembe. Ushahidi ninao: aliwahi kuiambia sufuria hivyo.

7 Agosti

Nimekausha, nimepima, nimechekecha. Chekeche nane, moja juu ya nyingine, tundu kubwa juu, dogo chini. Unatikisa dakika kumi. Mashine yetu ya kutikisa imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo mashine ni mimi. Kitambi changu kilitikisika kwa kipimo kilekile, ila hicho hakuna fomu ya kukiandika.

Matokeo ni ya kupendeza. Chembe za kila ukubwa, kila chekeche imebaki na fungu lake. Chini ya hadubini nimehesabu chembe mia tatu: kwatsi angavu kama sukari ya mawe, feldispa nyeupe, vipande vichache vya kioo cha volkano. Sumaku imeokota chembe nyeusi za chuma, kidogo tu. Ulanga, yale magamba meusi yanayometameta, hayakufika hata matatu katika mia. Jiwe povu halimo kabisa.

Hilo la mwisho lilinishangaza kidogo. Ziwa letu limekaa kwenye kinywa cha volkano na ufuo wote umejaa jiwe povu, jiwe jepesi linaloelea. Nikajiambia: basi, ufuo wa wakwe zangu umebarikiwa.

9 Agosti

Nimemimina michemraba sita ya zege. Imelala majini.

16 Agosti

Siku saba. Mchemraba wa kwanza umepasuka kwa kilo 165 kwa sentimita ya mraba. Kwa umri huo ni mtoto mwenye misuli.

17 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Mbio za magunia. Nilianguka wa kwanza.

6 Septemba

Siku ishirini na nane. 241. Tunahitaji 225. Nilimpigia Baba Riama, akapiga kelele nikaisogeza simu, Rotua akasikia kutoka jikoni.

"Nilijua! Mchanga wa kwetu! Shemeji, wewe ni mtu!"

"Nilikuwa nani kabla?"

"Ulikuwa mkwe tu!"

Nimepiga muhuri karatasi. Kufika jioni ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la simu la ukoo, watu mia nne, kuanzia Batam mpaka Papua, na kila mmoja ameweka viganja viwili vya kusali. Zege litamwagwa tarehe 5 Oktoba.

12 Septemba

Ibada ya kubariki msingi. Sisi tuliooa katika ukoo huo, wakwe kumi na mmoja, tulibeba sahani, tukachota maji, tukachoma nguruwe. Ni kazi yetu na tunaipenda, hasa ile ya kuonja.

Baada ya chakula nilishuka ufuoni na glasi ya tembo nikajipongeze. Jua lilikuwa limeinama. Na ufuo wote ulikuwa unametameta.

Nikachuchumaa. Ulanga. Magamba kwa magamba, mengine makubwa kama ukucha wa mtoto. Nikashika mchanga konzi moja nikautia kwenye glasi. Vipande vya jiwe povu vikapanda juu ya tembo langu vikaelea kama mahindi ya bisi.

Nilikunywa hivyo hivyo, maana Baba Riama alikuwa ananitazama kutoka juu ameinua kidole gumba. Nikainua changu. Kisha nikajaza mfuko wa plastiki kimyakimya, kama mtu anayeiba.

14 Septemba

Ulanga kumi na moja katika mia. Jiwe povu tisa. Vumbi laini limejaa kwenye sinia la chini.

Zege haliwezi kushika magamba ya ulanga, ni kama kugundisha karatasi iliyopakwa mafuta. Nalo jiwe povu linakunywa maji na kuvunjika kwa kidole.

15 Septemba

Nimemimina michemraba sita mingine. Nimeandika lebo mara mbili. Rotua anauliza kwa nini sili. Nimemwambia nimeanza kupunguza mwili. Ameweka mkono kwenye paji la uso wangu kuona kama nina homa.

22 Septemba

Mchemraba wa kwanza: 88.

Wa pili: 91. Wa tatu haukungoja mashine, uliachia kona mkononi mwangu.

Sasa nina mchanga mmoja, wa ufuo mmoja, uliotoa majibu mawili. Nimefungua rafu zote. Mwezi Agosti tulipima pia mchanga wa mto wa kampuni fulani ya matofali. Labda nilibadilisha mifuko. Nilikuwa nimevaa miwani ya Rotua siku ile, yangu niliikalia. Labda kampuni ile ina karatasi ya mchanga wa wakwe zangu na wakwe zangu wana karatasi yake.

Nimepekua kila kitu. Mfuko wa kampuni ya matofali umekaa pale pale na lebo yake. Sikuubadilisha. Hilo lingekuwa kosa jepesi.

Siku kumi na tatu zimebaki.

24 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Nimemwambia Rotua.

Alinisikiliza akiwa anamenya vitunguu. Alipofuta macho nilidhani analia, kumbe ni vitunguu, kisha nikaona ni vyote viwili.

"Mama ameshachagua kitambaa cha kuifungia ile mifupa," akasema.

"Najua."

"Mnara ukianguka na baba yangu ndani, Baba Togi, mimi nakuacha. Nakuambia mapema ujipange."

"Na nikiusimamisha sasa hivi, baada ya muhuri, baada ya watu mia nne?"

"Kaka atakutukana. Atamaliza. Muulize aliyechota huo mchanga."

"Aliyechota ni Mama Riama."

"Basi?"

"Nitamwulizaje?"

Akanitazama kama ninavyoutazama mchemraba wenye ufa. "Mbwa yupo," akasema. "Nenda."

26 Septemba

Nitaandika yote, hata kama nitaingia kwenye kurasa za kulia.

Nilifika Lumban Rihit saa nne asubuhi, nimelowa, pikipiki imekohoa njia nzima. Baba Riama alikuwa ameenda kuazima mashine ya kuchanganyia zege. Mama mkwe alikuwa amesinzia barazani. Chini ya nyumba, ambayo imesimama juu ya nguzo, mahali pakavu, Mama Riama alikuwa anapepeta mpunga. Mbwa Bontar alikuwa amelala katikati yetu, mweupe, mzee, amechoka na habari za watu.

Nikaketi mbali, nikatazama mbwa.

"Bontar," nikasema, "mwulize mama, lile gunia la Agosti alilichota wapi?"

Mama Riama hakuinua uso. "Bontar, mwambie tulilichota pale pale panapovutiwa mitumbwi. Yeye alidhani tuliliiba?"

"Bontar, mwambie sikudhani hivyo. Lakini mchanga wa gunia ulikuwa safi, na ule wa ufuoni una magamba na mawe yanayoelea."

Ungo ukasimama.

"Bontar," akasema taratibu, "mwulize: alitaka tuupeleke *mchafu*?"

Nilisahau adabu. Nikamtazama usoni. Yeye alikuwa amekasirika kwa kuonewa, mashavu yamemwiva. Mara moja nikarudisha macho kwa mbwa.

"Tangu lini," akamwambia Bontar, akimnyooshea mbwa kidole, "tangu lini nyumba hii inatuma kitu mjini kabla ya kukiosha? Mchele tunaosha. Mboga tunaosha. Mchanga unakwenda kutazamwa na watu wa chuo, kwa kioo cha kukuza, waseme wakwe wa Baba Togi ni wachafu? Nimeuosha maji saba! Mgongo uliniuma siku tatu! Yale mawe yanayoelea nimeyaondoa na maji ya kwanza mpaka ya tatu, yako pale kwenye ndoo, nasugulia visigino. Yale magamba yanakaa juu juu, unazungusha bakuli, unamwaga, yanakwenda. Nikauanika. Nikaupepeta, vumbi likatoka. Ndipo nikaushona. Mwambie!"

Bontar alipiga miayo.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo, mdomo wazi. Nina cheti, chekeche nane na hadubini ya Kijerumani, na siku nne nzima nilitafuta kosa kwenye rafu. Huyu mama, kwa bakuli na ungo, alikuwa ameutenganisha mchanga kwa uzito, kwa umbo na kwa ukubwa, bila kuambiwa na mtu. Ningemwuliza swali moja tu mwezi Agosti, hata kwa kupitia sufuria! Lakini sikuwa na mazoea ya kufikiri kwamba ana jibu.

"Bontar," nikasema, "mwambie mama kwamba kazi yake ndiyo nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia chumba changu. Ndiyo maana tumo matatani."

Nikaeleza yote. Alisikiliza, akaokota punje moja ya mpunga akaila.

"Bontar, mwambie asianze na mume wangu. Aanze na Mama."

Baba Riama akarudi mapema mno. Alisikia nusu ya habari akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani.

"Ulipiga muhuri!" akapiga kelele kwa ndani ya kofia. "Mbele ya ukoo! Sasa unaniambia mchanga wa baba yangu ni mbaya?"

"Sijasema mbaya, shemeji."

"Umesema unavunjika!"

"Nimesema haujaoshwa."

"Mchanga umekaa ndani ya ziwa tangu dunia iumbwe na haujaoshwa?"

Hapo mama mkwe akafumbua macho. Sijui alikuwa macho tangu lini. Nadhani tangu Agosti.

"Vua hicho chungu kichwani nikusikie," akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia. "Mkwe. Ukioshwa unasimama?"

"Ukioshwa vile alivyouosha Mama Riama, mama, unasimama kunishinda mimi."

"Wewe si kipimo," akasema. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Marehemu hakuwahi kula wali usiooshwa, hata siku moja. Angegundua punje tu, anasukuma sahani. Leo tumlaze kwenye mchanga mchafu? Osheni."

"Mama, ni mita nne za ujazo," Baba Riama akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo, na nikaona kitu nisichokuwa nimekiona miaka yote: kelele zake zote ni za mtu anayeogopa kumwangusha mama yake. "Nani ataosha?"

Mama mkwe alinitazama tu. Kisha Baba Riama akanitazama. Hata Bontar.

Katika nyumba ya waliokupa mke, kazi ina mwenyewe.

30 Septemba

Wakwe kumi na mmoja. Tumechukua likizo, kila mmoja kwa uongo wake. Tunaosha.

1 Oktoba

Mgongo.

3 Oktoba

Kuosha kunafanyika ziwani, mpaka magotini, kwa masinia. Kupepeta kunafanyika chini ya nyumba kwa sababu ya mvua. Mama mkwe amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli akihesabu maji. Mkwe wa Siantar, ambaye ni afisa wa benki, alijaribu kuruka kutoka maji ya tano mpaka ya saba.

"Wewe! Sita iko wapi?"

"Nimefanya, mama."

"Umefanya benki. Rudi!"

5 Oktoba

Leo ndiyo siku iliyokuwa ya zege. Mkandarasi wa Medan amekubali kungoja mpaka tarehe 29, si zaidi, baada ya hapo ana jengo jingine. Mvua mchana kutwa. Tumehamisha mchanga uliokauka kwenye banda la kuuzia tembo. Mwenye banda hakulalamika, kwa sababu zilizo wazi.

8 Oktoba

Leo nimepewa ungo. Nilirusha, upepo ukavuma, mchanga wote ukaenda na ulanga wote ukabaki. Nilisimama nimejaa magamba, nametameta kama samaki.

"Bontar," Mama Riama akasema, "mwambie anapepeta kama anayefukuza nzi. Kifundo cha mkono, si bega."

Wake wa shemeji zangu wote walicheka. Naye pia. Ana meno mazuri, nilikuwa sijui.

11 Oktoba

Kifundo cha mkono, si bega. Nimeelewa!

12 Oktoba

Sijaelewa.

20 Oktoba

Lundo limekamilika. Linafika kiunoni kwangu, na kiuno changu hakipo mbali sana na kifua. Nimechukua sampuli sehemu tano, hata ule upande nilioupepeta mimi, kwa haki. Ulanga tatu katika mia. Upande wangu tano. Nimeandika hivyo hivyo. Nimemimina michemraba.

24 Oktoba

Mvua. Mama mkwe ana kikohozi. Rotua amekwenda kukaa naye.

25 Oktoba

Amepiga simu mwenyewe, mama mkwe. "Michemraba inaendeleaje?"

"Imelala majini, mama."

"Na mimi nimelala. Tuone nani ataamka kwanza."

27 Oktoba

Siku saba. Nilisimama mbele ya mashine nikiwa nimevua kofia. 158. 163. Wa upande wangu: 149, nao unatosha!

Nimepiga simu. Rotua akamsomea mama namba. Nikasikia sauti nyuma: "Basi nipeni uji."

29 Oktoba

Zege limemwagwa. Jua limewaka siku nzima, la kwanza baada ya wiki mbili. Mama mkwe alibebwa pamoja na kiti chake, akatia konzi ya mwisho ya mchanga kwenye mashine kwa mkono wake, akajifuta kwenye shati la Baba Riama. Baba Riama analia kwa kelele, kama afanyavyo mambo yote. Alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Shemeji, ungenyamaza nisingejua."

"Dada yako angeniacha."

"Hilo nalo kweli."

Chakula cha mchana nilipewa samaki wa manjano na andaliman, kiungo chetu cha kutia ganzi ulimi, mzima, kichwa mpaka mkia: kwetu hiyo ndiyo baraka ya waliokupa mke. Nimemla peke yangu, macho yote yakinitazama.

26 Novemba

Siku ishirini na nane za mnara wenyewe. Michemraba tuliyochukua kwenye zege siku ile: 236, 239, 231.

28 Novemba

Nimekwenda Lumban Rihit na karatasi mpya. Ile ya zamani nimeichana kwa mkono wangu mbele ya mkandarasi, na kosa langu nimeliandika kwenye kitabu cha chuo, kwa wino.

Mnara umesimama umevuliwa mbao, kijivu, bado haujapakwa rangi. Ukiukaribia unaona kwatsi zikimeremeta kidogo. Mama mkwe ameweka kiti chake mbele yake na hataki kuhamishwa mpaka Krismasi. Kikohozi kimekwenda.

Mama Riama alikuwa chini ya nyumba. Bontar alikuwa mahali pake.

Nikaketi, nikavaa miwani, yangu mpya, nikamsomea mbwa karatasi nzima kwa sauti. Chembe, ukubwa, kwatsi, feldispa, ulanga, nguvu ya zege. Bontar alisikiliza kwa heshima mpaka kwenye ulanga, hapo akalala. Nikafika mstari wa mwisho, ule ambao kwa miaka kumi na tisa nimeandika jina langu bila kufikiri: *Mtaalamu aliyeandaa mchanga.*

"Lasma, Mama Riama," nikasoma. "Lumban Rihit."

Ungo ukasimama. Nilitazama masikio ya mbwa, sikuinua macho. Mvua ilianza kugonga paa. Nikaanza kuogopa kwamba nimekosea tena.

"Bontar," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na maji kidogo, "mwambie amesahau kitu. Hajaandika yalikuwa maji mangapi."

Nikatoa kalamu.